Kilomita Tisa Zilizobaki

Jumatatu, 3 Julai

Safari! Hatimaye. Tumeondoka nyumba ya mapadre saa kumi na mbili asubuhi, mimi na dada yangu, pikapu ya parokia ikikohoa kama kawaida yake. Katekista alisimama langoni akatupungia mkono. Nimemwachia funguo zote isipokuwa ya kabati la divai. Si kwamba simwamini.

Kabla dada hajatoka na mizigo niliandika namba ya mita ya kilomita kwenye jalada la nyuma la kitabu changu cha masifu. Kwa penseli, maandishi madogo. Hilo nitalieleza.

Lengo la safari, kwa watu wote, akiwamo Baba Askofu aliyenipa ruhusa ya majuma matatu, mpaka tarehe 24: kwenda kumwona mama mdogo, aliyetulea mimi na dada tangu mama yetu alipofariki. Ana miaka themanini na moja. Alimfuata binti yake nchi ya mbali, mipaka miwili kutoka hapa, miaka kumi na tisa iliyopita. Shinikizo lake la damu limeanza kumtisha hata daktari. Naye ameomba kitu kimoja tu: nikamuungamishe. Padre wa kule ni mwema lakini lugha yetu haijui, na mama mdogo ya kule hakuishika zaidi ya salamu na kuulizia rangi za uzi. Binti yake alinipigia simu aeleze vizuri, mama yake akamnyang'anya.

"Nimechoka kuungama kwa ishara kama bubu," akasema. "Nataka kuzisema dhambi zangu kwa lugha niliyozitendea."

Nikamwahidi. Siku nne barabarani, Alhamisi niko mlangoni kwako. Akasema atavaa gauni la kanisani.

Lengo la siri: Padre Ramani. Ni paroko wa parokia jirani. Jina nimempa mimi. Mwaka jana aliendesha gari nchi za nje likizoni, kilomita 3,912, na tangu siku hiyo hatujapata kikao cha dekania, sisi maparoko wa eneo hili, bila ramani yake kutandazwa mezani na vikombe vyetu vya chai kusogezwa pembeni. Njia yake yote ameishonea uzi mwekundu. Paroko mzee wa mlimani aliwahi kusinzia, akaamka, akakuta simulizi bado iko kwenye daraja lile lile. Kikao kijacho ni Alhamisi tarehe 20. Kwenda na kurudi kwa mama mdogo kwa njia iliyonyooka ni 3,400. Nahitaji 3,913. Kumzidi kwa moja kunanitosha; mimi si mtu wa makuu.

Jumanne, 4 Julai

Mpakani. Ofisa aliuliza kazi yangu, nikajibu padre, akaniomba nimwombee mkewe, nikamwombea, akapekua mizigo yetu yote hata hivyo.

Ng'ambo ya mpaka wanaendesha upande wa kulia. Nililijua hilo. Nililijua kabisa kwa mita mia moja hivi, upande wa kushoto, mpaka lori likaja mbele yetu limewasha taa zote. Dada hakupiga kelele. Ni mkunga mstaafu, aliyewahi kuendesha gari la wagonjwa la zahanati, na huwa anatumia sauti ile ile kwa wanawake wenye uchungu. Aliniambia nipumue, nigeuze taratibu, ninaendelea vizuri. Nilikasirika mpaka mchana.

Jioni, nyumba ya wageni, chumba chenye harufu ya rangi mbichi. Nikamwambia dada nimeulizia, na kwamba kesho kuna barabara nzuri zaidi inayozunguka kupitia kwenye bwawa kubwa. Haina vumbi, nikasema. Akauliza kama ni fupi. Nikasema kwa namna fulani. Nimempaka mafuta kwa mgongo wa chupa, dada yangu mwenyewe. Inaongeza kilomita 240.

Jumatano, 5 Julai

Bwawa limefungwa. Linapakwa rangi! Mlinzi alituruhusu kuchungulia kupitia uzio, tukaona ukuta, ngazi, na mtu mmoja mwenye ndoo. Dada aliutazama kwa heshima dakika mbili nzima kisha akauliza kama sasa tunaweza kwenda kwa mama mdogo.

Vumbi lilikuwapo. La kutosha.

Simu ya dada ilikata mawasiliano tangu mpakani, amebaki anaitumia kutazamia saa. Yangu inafanya kazi. Binamu, binti wa mama mdogo, alipiga saa tisa: mama yake anauliza tumefika wapi, kesho afue gauni au asubiri. Nikasema gari liko gereji. Limetoka mdomoni lenyewe. Nilikuwa nimesimama kando ya pikapu, injini inanguruma, na dada yuko dukani ananunua maji.

Uongo mdogo, nitauungama. Ila hapo ndipo pagumu. Muungamishi wangu ni Padre Ramani. Hakuna padre mwingine karibu nami anayefikika mvua ikinyesha, na sisi wawili huungamishana kila baada ya majuma mawili tangu tulipopewa parokia hizi. Ndiyo maana wivu wangu juu ya kilomita zake una mwaka mzima haujaungamwa. Ningeanzaje? Nimtajie dhambi hiyo huku amevaa stola ya kuungamishia shingoni, na ramani yake iko mezani nyuma yetu?

Alhamisi, 6 Julai

Leo ndiyo siku tuliyoahidi kufika. Tumekwenda kwenye chemchemi za maji ya moto. Kilomita 264, kwenda na kurudi barabara kuu.

Nilimwambia dada ni kwa ajili ya mgongo wangu. Mgongo wangu hauna neno. Mkunga hadanganyiki kwa habari za mgongo. Alinibonyeza mahali pawili. Alikaa kwenye benchi la saruji na mkoba wake magotini, mimi nikaingia majini na kaptura. Tope likanimeza kiatu cha kuogea cha kushoto. Nimetoka mwekundu, kiatu kimoja, mbele ya watalii wa kikundi cha wastaafu walionipigia makofi.

Usiku huu sitajidanganya, kwa kuwa hakuna anayesoma. Si kilomita tu. Naogopa.

Nimewaungamisha wezi, na mtu aliyechoma ghala la kaka yake. Sikutetemeka. Lakini mama mdogo! Alikuwa fundi cherehani. Nilikulia miguuni pake, chini ya meza ya cherehani, mpaka akaniita Kigoda. Ada zangu za seminari zilitoka kwenye mguu wake wa kushoto ulioukanyaga ule ubao wa cherehani mchana kutwa. Kila nikihubiri juu ya watu wema namfikiria yeye. Sasa anataka kuniambia alichotenda. Sitaki kukijua. Nikikijua, nitahubiri nikimfikiria nani?

Basi nazungukazunguka. Bwawa, chemchemi. Mtu mzima mwenye upara.

Ijumaa, 7 Julai

Klachi imekufa. Nje ya mji mdogo, asubuhi, kilomita 310 kabla ya kufika. Tumevutwa na trekta mpaka gereji. Gereji! Nimeketi juu ya tairi kuukuu nikitazama ukuta wenye kalenda ya mwaka juzi na nikaelewa kwamba Mungu ana kumbukumbu nzuri.

Nikampigia binamu nimweleze. Akasema ndiyo, ulishaniambia, bado ni gereji ile ile? Nikasema hapana, hii ni nyingine. Akasema mama amekaa mlangoni tangu jana na kiti chake, hataki kuingia ndani hata kwa ajili ya chai. Nikamwambia kesho, bila kukosa.

Fundi ni mtu mnene, mpole, anayezungumza na gari wakati wa kazi na hazungumzi na mwenye gari. Amelala chini ya pikapu mchana kutwa. Dada alimshikia taa. Jioni alikuwa akimpa spana kabla hajaomba, na fundi akawa anamwita mama.

Ameahidi saa tatu asubuhi. Nimepiga hesabu kwenye jalada la kitabu cha masifu. Kwa bwawa na chemchemi nina ziada ya 504. Nahitaji 513. Zimebaki tisa. Tisa tu!

Jumamosi, 8 Julai

Saa tatu kamili gari lilikuwa tayari. Dada alikuwa ameshakaa ndani, mkanda amefunga. Kwa barabara kuu tungefika kwa mama mdogo saa tisa alasiri.

Nikasema mapango.

Fundi alikuwa amemtajia dada jana, kwa maneno machache ya lugha yetu aliyookota kwa madereva wa malori, mapango makubwa, upande mwingine kabisa. Kilomita 230 kwenda na kurudi hapo hapo mjini. Nikamwambia dada kwamba mtu hapiti karibu na maajabu kama yale akayapa kisogo, na kwamba klachi mpya inahitaji kuzoezwa barabara tulivu. Akaniambia mama mdogo anangoja. Nikamjibu amengoja miaka kumi na tisa, siku moja haitamdhuru. Niliyasema hayo. Naandika hapa kama nilivyoyasema.

Nilihitaji kilomita tisa. Kwa nini nilichukua mia mbili na thelathini?

Ili dada asinione natupia jicho mita kila saa, nilikuwa nimeifunika kwa kadi ya mtakatifu mlinzi wa wasafiri, niifunue jioni kwa raha zangu. Simu nikaizima, chaji isiishe. Mapango ni giza. Kiongozi alituonyesha jiwe linalofanana na tembo, na lingine linalofanana na tembo. Dada alibaki nje.

Jioni, gereji tena, nikaifunua mita. Namba ile ile ya asubuhi! Nikaigonga. Nikaipiga kofi. Fundi akaingiza kichwa, akaonyesha waya mnene unaoning'inia chini ya dashibodi: alipofunga klachi alisahau kuurudishia. Mita ilikufa tangu saa tatu. Mshale wa mwendo nao ulilala sifuri siku nzima chini ya miguu ya mtakatifu, nami sikujua. Mia mbili na thelathini, zote bure. Nilikaribia kulia. Nimesahau hata kuwasha simu.

Jumapili, 9 Julai

Nilisoma Misa chumbani, dada peke yake akiitikia. Kisha nikamngoja fundi aje kuunganisha waya. Dada alisema gari linatembea bila mita. Nikasema ni suala la usalama. Fundi alikuja saa nne, akamaliza kwa dakika tano. Tukaondoka.

Tumefika saa kumi na moja jioni.

Nyumba ndogo, mlango wa bluu, umefungwa. Nje kimekaa kiti chenye mto wa vitambaa vilivyoungwa, mshono wake ningeutambua popote. Hakuna mtu. Jirani akatoka, tukasalimiana kwa tabasamu, hatuelewani hata neno. Akalaza shavu kwenye kiganja. Nikadhani anasema amelala. Kisha akajivuta upande mmoja wa uso kwa vidole na kuonyesha barabarani, na dada, aliyekuwa ameshika kikapu cha mayai ya zawadi, akakiweka chini taratibu.

Hospitali ni mtaa wa pili. Kiharusi. Jana, saa kumi na mbili jioni, binamu akimsuka nywele pale pale mlangoni. Alikuwa akisema, nisuke vizuri, Kigoda anakuja. Ulimi ukalegea katikati ya neno. Binamu alinipigia mara kumi na saba.

Upande wa kulia haufanyi kazi. Anatuona, anatujua. Alipoona uso wangu alitoa sauti ndefu, si neno. Sikuwa na mahali pa kuweka mikono.

Kwenye korido dada alisoma karatasi zake zote, akazirudisha kwenye ubao, akazipanga kingo zilingane. Kisha akasema, bila kunitazama, "Tungefika jana saa tisa. Angekuwa na saa tatu za kuongea."

Jumanne, 11 Julai

Nimemuungamisha.

Nesi alivuta pazia. Nikavaa stola. Sisi huwa tuna namna ya kufanya kwa mgonjwa asiyesema: unauliza, anabonyeza mkono. Nimelifanya hilo mara nyingi, vijijini, vibandani, hata shambani. Ukiwa na uzoefu unataja dhambi moja moja kwa upole mpaka unaipata. Leo nilishindwa. Ningemtajia zipi, mama mdogo? Nikauliza tu kama anajutia yote, yale anayoyajua yeye na Mungu wake. Akabonyeza. Kisha akatikisa kichwa. Hakutaka yote. Alitaka moja. Midomo ikahangaika, sauti ikapanda na kushuka, mate yakamtoka, nikamfuta. Akajaribu tena. Mara nne. Mara ya tano akaacha.

Chini ya shuka mguu wa kushoto ulikuwa unatembea. Juu, chini, juu, chini. Nilidhani ni ugonjwa. Kumbe anakanyaga cherehani.

Nikampa maondoleo. Alilia, mimi nikalia zaidi, na yeye ndiye aliyenishika mkono wa kanzu kunituliza. Akagusa pindo lililofumuka, akalifinya kwa kidole na gumba, kama fundi anayeona kazi mbaya ya fundi mwingine.

Binamu akauliza kama amesema lolote. Nikasema mambo ya maungamo ni siri. Siri hiyo nitailinda vizuri kuliko zote, maana hamna kitu ndani yake. Nilizunguka siku nne nisilisikie neno lake, na sasa nimepata nilichokitafuta. Sitalisikia. Najuta. Sijui njia nyingine ya kuliandika. Najuta, najuta.

Ijumaa, 14 Julai

Daktari, kwa mdomo wa binamu: maneno yanaweza kurudi. Si yote, na si upesi. Majuma kadhaa, pengine zaidi, kama ataketi naye mtu wa kumsemesha kwa lugha yake mwenyewe asubuhi hadi jioni.

Dada alisema papo hapo kwamba yeye anabaki. Ameshahamishia mkoba wake chumbani kwa mama mdogo, juu ya kabati la vitambaa. Hakuniambia na mimi nibaki. Alingoja niseme.

Nikasema parokia itanihitaji. Nikasema katekista ni mtu mzuri lakini. Dada akanikumbusha nina ruhusa mpaka tarehe 24. Nikasema kuna kikao cha dekania tarehe 20, kikao muhimu, mambo ya mipango ya mwaka.

Akachukua kitabu changu cha masifu kutoka mezani. Akakigeuza. Akasoma jalada la nyuma, hesabu zote, bwawa, chemchemi, ile sifuri ya mapango niliyoizungushia duara. Siku ngapi amelijua jambo hili? Nafikiri tangu bwawani.

"Umebakiza ngapi?" akauliza.

"Tisa," nikajibu. Kabla sijafikiri. Kama mtoto aliyeulizwa jedwali.

Akaitikia kwa kichwa, akanirudishia kitabu, akaenda kumlisha mama mdogo uji.

Ningependa angenitukana.

Jumamosi, 15 Julai

Nimeaga. Mama mdogo alikuwa amekalishwa na mito. Nikamwambia nitarudi maneno yakirudi, aniwekee neno lake. Akanitazama muda mrefu kwa lile jicho zima. Mkono wake ukapima bega langu, kisha urefu wa mkono, kama alivyokuwa akinipima sare za shule. Nikamkuta dada dirishani, amenipa mgongo, anakunja shuka ambalo lilikuwa limeshakunjwa.

Nimejipa malipizi, kwa kuwa hayupo wa kunipa. Nitakwenda moja kwa moja nyumbani. Hakuna kuzunguka, hakuna maajabu. Mita nimeifunika kwa kadi na kuibandika kwa plasta pande zote nne. Nikifika pungufu, nifike pungufu. Padre Ramani na aseme mpaka vikombe vipoe. Nitanyamaza, nitasikiliza, na baada ya kikao nitamwomba aniungamishe, na nitayasema yote, wivu wa mwaka mzima, gereji ya uongo, mapango.

Najisikia mwepesi kidogo. Kiti cha dada kitupu. Kila nikikosea njia nasubiri aniambie nipumue.

Jumatatu, 17 Julai

Kando ya barabara leo kulikuwa na kibao: maporomoko ya maji, kilomita kumi na mbili. Mshale mkubwa. Nikapita! Nikapita bila kupunguza mwendo! Nilipiga moyo konde nikaimba zaburi kwa sauti mpaka kibao kikatoweka kwenye kioo.

Hivi ndivyo mtu anavyobadilika. Nililala nikimfikiria mama mdogo akiwa na saa zake tatu mlangoni, na mimi ndani ya giza natazama jiwe la tembo. Nimeamua jambo, naliandika kwa kalamu ya wino lisifutike: mtu akinihitaji, sitamcheleweshea tena. Iwe usiku, iwe mvua, nitakwenda, na nitakwenda kwa njia ya mkato.

Jumatano, 19 Julai

Nyumbani tangu jana jioni. Paka amenenepa. Kabati la divai halijaguswa, jambo ambalo limenifanya nijione mbaya.

Dada amepiga leo asubuhi kwa simu ya binamu. Mama mdogo amesema neno! Moja. "Uzi." Alikuwa akionyesha pindo la nesi. Dada alicheka na kulia, nami huku jikoni hivyo hivyo, katekista akajifanya anatafuta sukari. Akauliza nitarudi lini. Nikasema mara tu baada ya kikao, tutaona, mambo yakitulia. Akasema sawa. Ile sawa yake.

Nikaenda kuosha gari. Kwa kuwa naosha gari, nikaosha na dashibodi. Plasta ilikuwa imelowa, ikabanduka yenyewe. Nikatoa ile namba ya kuondokea: 3,904. Sikuhitaji penseli.

Sawasawa kabisa. Tisa. Nikaketi kwenye kiti cha dereva na kitambaa mkononi. Padre Ramani kesho saa nne, ramani, uzi mwekundu. Lakini nimeamua, na wino ni wino.

Ndipo katekista akaja mbio. Mzee seremala wa ng'ambo ya mto, aliyetutengenezea mabenchi ya kanisa, anaumwa tangu Jumapili. Kifua. Anamtaka padre, anataka kuungama, amesema leo. Nikauliza anaongea? Katekista akasema anaongea, tena sauti yake bado kali, amemkaripia mkwe wake asubuhi kwa habari za nyundo.

Nikasimama palepale. Stola, mafuta ya wagonjwa, kitabu. Sikunywa hata chai. Dada angejivunia kuniona.

Sasa injini inapata moto na ninaandika haya juu ya usukani. Kwa mzee, kupita kivukoni ni kilomita mbili. Lakini kivukoni kuna matope, huenda, sijapaona tangu niondoke, na gari ni safi. Ukizunguka kwa daraja kubwa ni kumi na moja. Barabara nzuri, tulivu. Mtu mwenye sauti kali ya namna ile anaweza kungoja nusu saa. Na ile safari, ukiitafakari vizuri, haijaisha mpaka gari lirudi kulala bandani kwake.

Katekista nimemtanguliza kwa miguu kupitia kivukoni, akamwambie mzee padre yuko njiani. Na safari hii si uongo.